Nani Anahesabu Ploti za Kiambu?

Leo nawaomba tuweke seva na simu kando kidogo, ingawa haya nitakayoyasema nimeyafikia kwa njia ya tarakilishi. Nataka kuzungumzia ardhi. Si ule ugomvi wa ardhi tuliouzoea, wa mahakamani na wa mazishini. Nazungumzia jambo la kawaida kabisa linalotendeka kila Jumamosi kwenye barabara zitokazo Nairobi: basi dogo limejaa wateja, broka ameshika kipaza sauti, vigingi vimepigwa katika shamba ambalo juzi tu lilikuwa na kahawa, na bango limeandikwa "Hamsini kwa mia, hati tayari".

Hamsini kwa mia ni futi 50 kwa futi 100, kipande ambacho sote tunakiita thumuni ya ekari hata kama hesabu haifiki hapo sawasawa. Hicho ndicho kipimo cha ndoto ya Mkenya wa mjini. Chama chetu cha vijana, wengi wetu tukiwa watu wa programu, kimeweka akiba kwa miaka kadhaa, na kila mkutano kuna mtu anayefungua simu kutuonyesha ploti. Ruiru, Juja, Kitengela, Joska. Mimi ndiye yule mwenye maswali mengi ambaye wenzake wamemchoka. Siwaambii wasinunue. Nawauliza tu: yule aliyeruhusu shamba hili likatwe, alijua mangapi mengine yamekatwa mwaka huu?

Hebu tuangalie takwimu. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 3,138,369 katika Nairobi, na ile ya 2019 ikahesabu 4,397,073. Ongezeko hilo ni kubwa, lakini asilimia yake, 40 hivi, imepitwa na majirani. Kiambu ilitoka watu milioni 1.6 hadi milioni 2.4. Kajiado ilitoka 687,312 hadi 1,117,840, yaani zaidi ya asilimia 60 katika miaka kumi. Ruiru peke yake iliongezeka karibu maradufu. Kwa maneno mengine, jiji halimo tena ndani ya mipaka yake ya kilomita mraba 696. Limemwagika, na lilikomwagikia ni kwenye mashamba.

Ukitaka kuliona hilo kwa macho yako huhitaji kibali cha mtu. Picha za setilaiti za Landsat zimekuwa za bure tangu 2008 na hazina yake inarudi nyuma miongo kadhaa. Zile za Sentinel-2 za Ulaya zilianza 2015, nazo kila nukta ni mita 10 za ardhi. Pakua, fungua kwenye QGIS ambayo ni programu huria, kisha weka mwaka mmoja juu ya mwingine. Nimefanya hivyo usiku mwingi kuliko inavyofaa kwa mtu mwenye kazi ya asubuhi. Kinachoonekana kwanza si nyumba. Ni mistari. Shamba lililokuwa kijani tupu linapata vijibarabara vya murram vilivyonyooka na kupangana kama meno ya kitana. Nyumba zinakuja baadaye, moja hapa, tatu kule, na ploti nyingi hukaa miaka na mikaka zikiwa na vigingi na nyasi tu, mwenyewe akisubiri bei ipande. Hapo ndipo moyo unaniuma. Kahawa imeng'olewa na watu hawajaja. Ardhi hiyo hailishi mtu na haimlazi mtu.

Barabara Kuu ya Thika, kilomita 50 hivi, ilikamilika 2012, na ukifuata picha za miaka iliyofuata utaona rangi ya kijivu ikitambaa kandokando yake kama wino kwenye karatasi mbichi. Simlaumu aliyejenga barabara. Nauliza tu kwa nini barabara ilipangwa na watu wa barabara, na ardhi inayoizunguka ikaachwa ijipange yenyewe.

Kabla hamjanishukia, niseme hivi: mkulima wa Kiambu si mjinga. Kenya ilivuna takriban tani 130,000 za kahawa msimu wa 1987/88, na siku hizi mavuno huwa karibu tani 50,000 au pungufu. Hiyo haikusababishwa na nyumba pekee. Bei zilianguka, vyama vya ushirika vikagombana, malipo yakachelewa, na vijana wakaona baba zao wakipalilia mti usiolipa karo. Kisha anakuja mtu na kusema, mzee, nitakupa kwa ekari moja pesa ambazo kahawa haitakupa hadi ufe. Ningekuwa mimi ningeuza. Kwa hiyo yeyote anayeleta suluhisho lenye neno "wakulima waelimishwe" mwambieni arudi nyumbani. Mkulima amepiga hesabu zake vizuri sana. Mwenye hesabu mbovu ni sisi wengine.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Ardhi ya kilimo haigawanywi hivi hivi. Kuna sheria ya 1967, Sura ya 302, inayotaka ombi la kugawanya au kuuza shamba lipitie bodi ya ardhi. Tena sheria hiyo inataja waziwazi kwamba bodi inaweza kukataa iwapo ugawaji utapunguza uzalishaji wa ardhi hiyo. Miaka karibu sitini imepita na maneno hayo yangalipo. Basi inakuwaje mashamba yaishe mbele ya macho ya bodi?

Nitawajibu kwa mfano wa pesa za simu. Tuseme mna akaunti moja ya chama yenye shilingi 1,000. Watu wawili wanaenda kwa mawakala wawili kwa wakati mmoja, kila mmoja anataka kutoa 800. Wakala wa kwanza anauliza mfumo: pesa zipo? Zipo. Wa pili anauliza papo hapo: zipo? Zipo. Wote wawili wanatoa. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyevunja kanuni, kila mmoja aliangalia salio kabla ya kulipa. Lakini zimetoka 1,600 katika akaunti ya 1,000. Sisi waandishi wa programu tunalijua kosa hili kama tunavyojua majina yetu, na hakuna benki inayoruhusiwa kufungua mlango kabla ya kulifunga. Dawa yake ni moja: lazima pawe na salio moja, mahali pamoja, na kila anayetaka kutoa alifunge kwanza kabla ya kulisoma.

Bodi ya ardhi haina salio. Inaletewa shamba moja, ekari nne, mwenyewe mzee mwenye watoto sita. Je, ekari nne zikikatwa Kiambu itakufa njaa? Haitakufa. Pitisha. Wiki ijayo ekari kumi na mbili, pitisha. Kila uamuzi ukiutazama peke yake una akili. Hakuna ukurasa hata mmoja mbele yao unaosema: tarafa hii ilikuwa na ekari kadhaa za udongo mzuri, zimebaki kadhaa, na tulikubaliana zisishuke chini ya hapa. Hongo ipo, sikatai. Ila hata ukiwajaza malaika watupu kwenye bodi, kwa mpangilio huu mashamba yangeisha vilevile.

Ni hivyohivyo kwa maji. Ploti ina urefu wa mita 30. Wataalamu hushauri kisima kikae umbali wa kama mita 30 kutoka kwenye shimo la choo. Sasa mtaa hauna bomba wala mtaro wa majitaka, kila mwenye ploti amechimba shimo lake, na mwenye nguvu amechimba kisima. Chukua rula uchore ploti kumi na mbili zilizopakana uone kama inawezekana. Haiwezekani! Kila nyumba ina kibali chake, na mtaa mzima unakunywa majirani zake.

Mtu atasema, tunahitaji mpango. Jamani, mipango tunayo hadi ya kufungia maandazi. Nairobi ilipata mpango wake mkuu 1948 kama mji mkuu wa koloni. Ukaja mkakati wa ukuaji wa jiji wa 1973, uliotazama hadi mwaka 2000. Mwaka 2008 ikaundwa wizara nzima ya maendeleo ya Nairobi na viunga vyake pamoja na ruwaza ya Nairobi Metro 2030, na wizara hiyo ikamezwa na nyingine serikali ilipobadilika 2013. Mwaka 2014 jiji likapata mpango mwingine kwa msaada wa Wajapani, wa kufika 2030, ila wa kaunti ya Nairobi. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 110, inasema kila kaunti iwe na mpango wa ardhi wa miaka kumi, na hapa wenzangu wa fani msimame kidogo, uliojengwa juu ya hifadhidata ya GIS, yaani mfumo wa taarifa za kijiografia. Sheria yenyewe inasema hifadhidata. Haisemi kitabu chenye jalada la kung'aa na picha ya gavana.

Tunachokiona mara nyingi ni faili ya PDF. Ramani iliyopigwa picha, rangi tano, maelezo yamefifia. Huwezi kuiuliza kitu. Huwezi kuiambia: nina shamba namba hii, je, liko upande gani wa mstari? Ramani isiyojibu swali hilo ni pambo la ukutani. Ardhisasa iliyozinduliwa Aprili 2021 ni hatua kubwa, nami naiunga mkono pamoja na vigugumizi vyake, lakini swali lake ni nani anamiliki. Swali la kimebaki kiasi gani ni swali jingine, nalo halina mwenyewe.

Halafu kuna hili la kaunti. Katiba ya 2010 imezipa kaunti haki ya kutoza kodi ya mali, na juu yake zina ada za vibali vya ujenzi. Shamba la kahawa linaipa kaunti senti. Shamba hilohilo likiwa ploti mia linaipa ada mia. Unatarajia Kiambu iwaambie wajenzi hapana ili waende Machakos? Na Machakos iwaambie hapana ili waende Kajiado? Hakuna gavana wa namna hiyo na hata angekuwapo hangechaguliwa tena. Ndiyo maana nasema jambo hili haliwezi kutatuliwa na kaunti moja moja. Nairobi hunywa maji ya Ndakaini iliyoko Murang'a na ya Sasumua iliyoko Nyandarua, hula mboga na kunywa maziwa ya Kiambu, na simba wa mbuga yake ya kilomita mraba 117 hutegemea nyumbu wanaopita mashamba ya Wamaasai huko Kajiado. Eneo zima ni kitu kimoja tayari. Kisicho kimoja ni daftari.

Tena si kwamba kaunti hizi haziwezi kukaa meza moja. Tangu 2017 kuna mamlaka ya uchukuzi ya eneo la jiji, NaMATA, inayojumuisha Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a. Basi la mwendokasi linapangwa na tano kwa pamoja, lakini mahali basi litakapowashusha watu kila mmoja anapanga kivyake. Sheria ya mipango ya ardhi ya 2019 inaruhusu kaunti mbili au zaidi zitengeneze mpango wa pamoja. Inaruhusu, hailazimishi. Kama umewahi kuandika programu yenye kigezo cha hiari unajua ni watumiaji wangapi hukijaza.

Kuna waliojaribu. Jimbo la Oregon kule Marekani lilipitisha sheria mwaka 1973 kwamba kila mji uchore mstari wa ukuaji. Ndani ya mstari mnajenga, nje yake ni mashamba na misitu. Portland ilichora wake 1979, chini ya serikali ya eneo iitwayo Metro ambayo wajumbe wake huchaguliwa na wananchi na ambayo inashughulikia kaunti tatu pamoja na miji iliyomo. Jambo ambalo watu husahau ni kwamba mstari ule si ukuta. Sheria inataka ndani yake pawe na nafasi ya kutosha makazi ya miaka 20, na kila baada ya miaka kadhaa wanahesabu upya na kuusogeza inapobidi. Yaani wana salio! Ndilo neno ninalolitafuta tangu mwanzo.

Lakini hawakusalimika. Mwaka 2004 wapiga kura wa Oregon walipitisha hoja iliyosema mwenye ardhi alipwe iwapo kanuni zimemshushia thamani, ama aachiwe afanye atakalo. Maombi yakamiminika kwa maelfu, na mwaka 2007 wakalazimika kupiga kura tena kuipunguza makali. Ukimwambia mtu shamba lako lina faida kwa taifa zima, na gharama ya faida hiyo ni yako peke yako, atakungoja kwenye sanduku la kura.

Hapa nyumbani tumeshaona dalili zake. Konza, mji wetu sisi watu wa teknolojia, ilitengewa ekari 5,000 za iliyokuwa ranchi ya Malili, na kuizunguka kukawekwa ukanda wa kilomita 10 wa kuzuia ujenzi holela. Wazo lilikuwa zuri. Lakini mwenye shamba ndani ya ukanda huo aliambiwa asikate, asijenge ovyo, basi. Alipewa nini? Kinyume chake ni Kitengela, ambako kuanzia 2000 kulikuwa na mpango wa kuwalipa wafugaji kama dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili wasijenge ua wala wasiuze, wanyama wapate kupita. Pesa zilikuwa kidogo mno ukilinganisha na za broka, na zilitegemea wafadhili. Hata hivyo naona wazo lile lilikuwa na heshima zaidi kuliko amri tupu.

Ninaloliona bora zaidi liko kaunti ya Montgomery, Maryland, jirani na Washington. Mwaka 1980 walitenga takriban ekari 93,000 ziwe za kilimo, nyumba moja tu kwa kila ekari 25. Ila mkulima hakuachwa mikono mitupu. Kwa kila ekari 5 alipewa haki moja ya kujenga, haki ambayo hawezi kuitumia shambani kwake lakini anaweza kumuuzia mjenzi, naye mjenzi akaitumia kuongeza nyumba mahali ambapo kaunti inataka msongamano. Shamba linabaki shamba, mzee anapata pesa za karo, na mwenye ghorofa anapata ghorofa zake. Kasoro yake ni kwamba haki hizo hazina bei kama hakuna pa kuzipeleka, na majirani wa pale zinapopelekwa hawafurahi.

Fikirini Nairobi sasa. Kila siku kuna mtu anayetaka kuongeza ghorofa sita juu ya zile alizoruhusiwa, na mara nyingi anaziongeza kwa njia tunazozijua. Afadhali azinunue kwa mkulima wa Githunguri. Zielekezwe kandokando ya reli na ya barabara za mabasi, kwa sharti kwamba mtaro wa majitaka uwe umefika kwanza. Na kama kaunti ya mkulima inapoteza ada za ploti, ipate fungu lake katika mauzo hayo, maana bila hilo gavana hatatia sahihi.

Kuiandika programu ya kuendesha soko kama hilo si kazi kubwa. Ni jedwali la mashamba, jedwali la haki na daftari la nani amemuuzia nani. Najua tayari kuna kijana anatafuta pa kuchomeka blokcheini. Tulia ndugu yangu, hifadhidata ya kawaida na nakala zake inatosha. Kazi kubwa ni kupata watu watano wenye mihuri wakubaliane kwamba salio ni moja.

Pingamizi moja nalichukulia kwa uzito kwa sababu linanigusa. Mimi ni mpangaji. Ukichora mstari ukazuia kujenga nje, na ndani usiongeze nyumba, kodi yangu itapanda na kijana anayekuja mjini mwaka kesho atalala wapi? London ina ukanda wa kijani tangu katikati ya karne iliyopita, na bei ya nyumba zake kila mtu anaijua. Kwa hiyo anayeniambia tulinde mashamba bila kuniambia nyumba zitajengwa wapi, naye simwamini. Mstari na ghorofa ni lazima zitoke katika karatasi moja, siku moja.

Kwa sasa, kabla ya wakubwa kukaa mezani, salio tunaweza kuanza kulihesabu sisi wenyewe. Vijana wa Kibera walichora mtaa wao 2009 wakati ramani rasmi zilikuwa tupu. Mwaka 2014 Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Marekani walitoa ramani ya njia za matatu zilizokusanywa kwa simu tu. Meno ya kitana yanaonekana kwenye setilaiti. Yanaweza kuchorwa kwenye OpenStreetMap yakiwa na tarehe. Kinachokosekana ni orodha ya vibali vya kubadilisha matumizi ya ardhi, namba ya shamba, ukubwa na mwaka. Orodha hizo ziko ofisini, kwenye mafaili. Chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016 raia yeyote anaweza kuziomba kwa maandishi bila kueleza anazitakia nini, na ofisi ina siku 21 za kujibu. Barua yangu kwa kaunti ninayokaa nimeshaichapa. Anayetaka kuandikia Machakos, Kajiado au Murang'a, nitampa nakala abadilishe jina na anwani.